Viwango vya Kiufundi vya Masomo ya Mtandaoni: Maana Yake na Istilahi Zake

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza maana ya viwango vya kiufundi vinavyotawala masomo ya mtandaoni pamoja na mifumo inayoyasimamia masomo hayo, na kupendekeza istilahi za Kiswahili za kuvielezea. Tumewakusudia wasomaji wa aina tatu: wafasiri wanaoletewa mikataba na miongozo ya mifumo hiyo ili waitie katika Kiswahili; walimu wanaoitumia kufundishia na kujifunzia; na watumishi wa serikali ambao hutakiwa kuandika zabuni, kuipokea kazi iliyonunuliwa na kuitolea hesabu.

Jambo lenyewe si dogo. Mwalimu anayejiendeleza akiwa kazini, muuguzi anayejifunza utaratibu mpya wa chanjo, na karani anayefanya mtihani wa kanuni za fedha, wote siku hizi huweza kutegemea rekodi iliyoandikwa na mashine. Rekodi hiyo ikipotea, au ikitafsiriwa visivyo, mwenye haki hunyimwa haki yake. Aidha, fedha ya umma ikinunua masomo yasiyoweza kufunguka ila katika mfumo mmoja tu, basi siku mkataba wa mfumo huo utakapokwisha, masomo nayo yamekwisha. Mambo hayo mawili, yaani haki ya anayejifunza na mali ya umma, hulindwa au hupotezwa na maneno machache yaliyomo katika hati. Ndiyo sababu tumeona yafaa kuyachunguza maneno hayo moja moja.

Neno "kiwango" na utata wake

Neno "kiwango" limekwisha kukaa katika sheria na katika majina ya vyombo vya umma. Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, limelizoeza neno hilo katika maana ya masharti yaliyokubaliwa ambayo kitu hupimwa kwayo: saruji, mabati, maji ya chupa na mengineyo. Hatuna budi kulifuata.

Hata hivyo, neno hilo lina maana nyingine mbili katika usemi wa kila siku. Kwanza, ni kadiri au daraja, kama tusemapo kiwango cha maji mtoni au kiwango cha elimu. Pili, ni sifa ya ubora, kama watu wasemavyo "hii ni kazi ya kiwango". Maana hii ya mwisho ndiyo inayoleta madhara. Mtumishi akisoma katika zabuni kwamba masomo "yana kiwango cha kimataifa", huelewa kwamba ni masomo mazuri, yaliyopimwa na wataalamu wa elimu. Muuzaji naye huenda amekusudia jambo dogo zaidi: kwamba masomo yale yamefungwa kwa namna ambayo mfumo wa mnunuzi unaweza kuyafungua. Wote wawili hutia saini, kila mmoja akiwa na maana yake moyoni.

Mfano wa reli utatusaidia. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1000 baina ya chuma na chuma, na reli ya TAZARA ina milimita 1067. Tofauti ni milimita 67 tu, lakini behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Kwa sababu hiyo kilijengwa Kidatu, mwaka 1998, kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa la reli moja hadi behewa la reli nyingine. Kazi hiyo ya kupakua na kupakia, pamoja na gharama yake na upotevu wake, ndiyo inayowapata watu wenye masomo ya mtandaoni yasiyofuata kiwango kimoja. Lakini tuangalie upande wa pili wa mfano huu: upana wa reli hausemi lolote kuhusu mchele uliomo behewani, kama ni mzuri au una mchanga. Vivyo hivyo kiwango cha kiufundi cha masomo hakisemi kama somo lina ukweli, kama lugha yake ni fasaha, wala kama mwanafunzi atafaidika nalo.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika hati rasmi neno hili lisisimame peke yake. Iandikwe "kiwango cha kiufundi" pale panapokusudiwa masharti ya mifumo kupatana, na "ubora" pale panapokusudiwa sifa ya somo. Neno "sanifu" tuliachie kazi yake ya kueleza lugha, ambayo limeifanya tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ilipopewa jukumu la kusanifisha Kiswahili, na kazi yake ya kueleza usanifu wa majengo na kazi za sanaa.

Asili ya viwango hivi

Viwango hivi vilianza katika usafiri wa anga kabla havijafika vyuoni. Mwaka 1988 watengenezaji wa ndege, mashirika ya ndege na watayarishaji wa mafunzo waliunda kamati iliyojulikana kwa kifupi kama AICC. Taabu yao ilikuwa wazi. Kila aina ya ndege ilikuja na mafunzo yake ya kompyuta, na kila mafunzo yalidai mashine zake. Shirika lenye ndege za aina tatu lilijikuta likilazimika kuwa na mitambo ya kufundishia ya aina tatu. Kamati hiyo ikaweka masharti ya pamoja kuhusu vifaa, kisha kuhusu namna programu ya somo itakavyotoa taarifa za mwanafunzi kwa programu inayotunza kumbukumbu. Kamati ilivunjwa mwaka 2014, lakini mawazo yake yameendelea kuishi ndani ya viwango vilivyofuata.

Jeshi la Marekani nalo lilikuwa na taabu ya namna hiyo hiyo, kwa ukubwa zaidi. Chini ya Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ulianzishwa, mwaka 1997, mpango uitwao ADL. Mpango huo haukubuni kila kitu upya; ulichukua kazi za AICC, za taasisi ya wahandisi wa umeme IEEE, na za muungano wa IMS ulioanza mwaka 1997 miongoni mwa vyuo vikuu vya Marekani na ambao tangu mwaka 2022 unaitwa 1EdTech. Kazi hizo zikaunganishwa katika kitabu kimoja cha marejeo kiitwacho SCORM. Toleo la kwanza lilitoka mwezi Januari mwaka 2000. Toleo la 1.2 lilitoka mwaka 2001, na toleo lijulikanalo kama SCORM 2004 likafuata mwaka huo wa jina lake na kuboreshwa hadi tabaka la nne mwaka 2009.

Mfasiri asidhani kwamba toleo jipya limeliua la zamani. Toleo la 1.2, lenye umri wa zaidi ya miaka ishirini, lingali linatumika kwa wingi duniani. Mfumo wa Moodle, ambao Martin Dougiamas aliutoa Australia mwaka 2002 na ambao hutumiwa na vyuo vingi, kikiwamo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, unalitekeleza toleo la 1.2, lakini SCORM 2004 hauitekelezi kwa ukamilifu. Hivyo mkataba unaosema "masomo yafuate SCORM", bila kutaja toleo, ni kama agizo la kununua behewa la treni bila kutaja upana wa reli.

Kifurushi na orodha ya shehena

Kiwango cha SCORM kina sehemu mbili kuu, na toleo la 2004 limeongeza ya tatu. Sehemu ya kwanza hueleza namna somo linavyofungwa. Faili zote za somo, yaani maandishi, picha, sauti, video na maswali, hutiwa katika faili moja iliyobanwa. Hicho tunakiita "kifurushi cha somo". Tunaongeza maneno "cha somo" kwa kuwa "kifurushi" kimekwisha kuchukuliwa na kampuni za simu kwa maana ya muda wa maongezi na data inayonunuliwa kwa siku au kwa wiki.

Ndani ya kifurushi, katika ngazi ya juu kabisa na si ndani ya folda nyingine, sharti iwepo faili yenye jina imsmanifest.xml. Faili hiyo huorodhesha vyote vilivyomo na kuonyesha vinavyopangwa. Wazo lake limetoka bandarini. Meli ifikapo gatini, afisa wa forodha hafungui kila gunia; huanza kwa kuitazama karatasi inayotaja shehena yote. Kwa hiyo tunapendekeza faili hiyo iitwe "orodha ya shehena". Mwalimu aliyekwisha kuona mfumo ukimkatalia kifurushi chake atanufaika kujua kwamba mara nyingi kosa liko hapo: mtu ameifungua folda, akaibana tena folda nzima badala ya kuvibana vilivyomo ndani yake, na orodha ya shehena ikashuka ngazi moja chini, mahali ambapo mfumo hauitafuti.

Vitu vilivyomo katika kifurushi ni vya aina mbili. Kuna vile visivyozungumza na mfumo, kama picha au kipande cha sauti. Hivi tunaviita "vijenzi". Kuna pia vile vinavyoweza kuutaarifu mfumo kuhusu mwanafunzi. Hivi tunaviita "vipande vya somo". Tofauti hii yafaa ishikwe. Mnunuzi akiletewa somo lililotengenezwa kwa vijenzi vitupu, litaonekana vizuri katika kioo, lakini halitaleta alama hata moja.

Mazungumzo ya somo na mfumo

Sehemu ya pili ya kiwango hueleza mazungumzo baina ya kipande cha somo na mfumo. Mlango wa mazungumzo hayo huitwa kiolesura, neno ambalo limekwisha kuenea na hatuoni haja ya kulibadili. Katika toleo la 1.2 kiolesura kina amri nane tu. Moja hufungua mazungumzo, moja huyafunga, moja huomba taarifa, moja hutoa taarifa, moja huagiza taarifa zihifadhiwe, na tatu zilizobaki huulizia makosa. Mwanafunzi afunguapo somo, kipande husema kwamba kimefika, huuliza jina la mwanafunzi na mahali alipoishia jana, humpeleka hapo, kisha hutoa alama na hali yake, na mwishowe huaga.

Kuaga huko kuna uzito. Umeme ukikatika, au mtandao ukipotea, au mwanafunzi akifunga dirisha la kivinjari kabla somo halijaaga, taarifa ambazo hazijahifadhiwa huweza kupotea. Mwalimu wa kijijini aliyejibu maswali yote akiwa na mtandao dhaifu huweza kesho yake kukuta ameandikiwa kwamba hajamaliza. Hilo halitokani na uvivu wake, na afisa elimu anayeisoma ripoti yapasa alijue kabla hajamwandikia barua ya kujieleza.

Lipo pia jambo la nafasi. Alama ya mahali alipoishia mwanafunzi, ambayo tunaiita "alamisho", pamoja na kumbukumbu nyingine za somo, huwekwa katika nafasi yenye kikomo. Toleo la 1.2 limeweka kikomo cha herufi 4,096 kwa kumbukumbu za kusimamisha somo. SCORM 2004, kuanzia tabaka la tatu, imekipandisha hadi herufi 64,000. Somo refu lenye maswali mengi huweza kukijaza kikomo cha kwanza, na mwanafunzi akarudishwa mwanzo kila anaporudi. Atayarishaye masomo marefu na ayakate vipande.

Maneno sita ya hali ya mwanafunzi

Sasa tumefika mahali ambapo kazi ya fundi na kazi ya mfasiri hukutana. Katika toleo la 1.2 hali ya mwanafunzi huandikwa katika nafasi moja tu, na nafasi hiyo hukubali neno moja kati ya maneno sita ya Kiingereza. Kwa Kiswahili tunapendekeza yaonyeshwe hivi: amefaulu, amemaliza, hajafaulu, hajamaliza, amepitia tu, na hajaanza.

Kanuni ya kwanza ni kwamba maneno yenyewe yaliyomo ndani ya programu hayatafsiriwi. Mashine huyatambua kama mtu atambuavyo ufunguo kwa meno yake; ukiyabadilisha, kufuli haifunguki. Kinachotafsiriwa ni lebo anayoiona msomaji. Mfasiri anayeletewa faili nzima ya programu sharti aulize ni maneno yapi ni lebo na yapi ni funguo.

Kanuni ya pili ni kwamba hali hizi ni za mtu. Tumeona katika mifumo kadhaa lebo kama "imepita" au "imekamilika", zilizofasiriwa neno kwa neno bila kuuliza ni nani au ni nini kilichopita. Kiambishi "i-" hapo hakina kiima cha kurejea. Mwanafunzi ndiye aliyefaulu, naye ni wa ngeli ya watu.

Kanuni ya tatu inahusu njeo. Neno la Kiingereza la kutofaulu halionyeshi kama nafasi ya kurudia ingalipo. Kiswahili kinaweza. "Hajafaulu" humwachia mtu mlango, "hakufaulu" huufunga. Ikiwa somo linaruhusu jaribio jingine, lebo na iwe "hajafaulu". Ikiwa majaribio yamekwisha, mfumo uonyeshe "hakufaulu". Katika utumishi wa umma tofauti hii huweza kuwa tofauti baina ya kusubiri na kupoteza nafasi ya kupandishwa cheo.

Udhaifu wa toleo la 1.2 ni kwamba kumaliza na kufaulu vimetiwa katika nafasi moja. Mtu aliyesoma kurasa zote lakini akapata alama chache, aandikweje? SCORM 2004 iliyatenganisha mambo haya: nafasi moja ni ya kukamilisha, nyingine ni ya kufaulu. Mtumishi anayeandaa fomu ya ripoti na afuate mgawanyo huo hata kama mfumo wake ni wa zamani. Fomu iwe na safu mbili, wala isichukuliwe kwamba aliyemaliza amefaulu.

Sentensi zinazosomwa na mashine

Mwezi Aprili mwaka 2013 mpango wa ADL ulitoa toleo la 1.0 la kiwango kingine kiitwacho xAPI. Mwaka 2023 taasisi ya IEEE ilikipokea na kukichapisha miongoni mwa viwango vyake, kwa namba 9274.1.1. Kiwango hiki hakimdai mwanafunzi awe ndani ya mfumo wala ndani ya kivinjari. Kila tendo la kujifunza huandikwa kama sentensi fupi yenye mtenda, kitenzi na mtendwa, pamoja na wakati wa tendo, kisha hupelekwa katika ghala la rekodi za ujifunzaji. Sentensi zinaweza kukusanywa katika simu pasipo mtandao, zikapelekwa baadaye. Kila sentensi ina namba yake ya utambulisho, hivyo ghala linaweza kuitambua iwapo italetwa mara ya pili. Kwa nchi zenye maeneo mengi ambako mtandao hukatika, hii ni faida kubwa.

Kiwango hicho kimeacha nafasi ya lugha. Kila kitenzi kina anwani yake ya kudumu ambayo haitafsiriwi, na pembeni yake huwekwa maandishi ya kuonyesha kwa lugha yoyote. Hapa ndipo muundo wa Kiswahili unapodai haki yake. Katika Kiingereza kitenzi cha wakati uliopita hakibadiliki, awe mtenda ni mmoja au ni wengi. Katika Kiswahili, Asha "amemaliza" somo, bali Asha na wenzake "wamemaliza". Nacho kiwango cha xAPI hukubali mtenda awe mtu mmoja au kikundi. Mfasiri akiweka "amemaliza" kama maandishi ya kudumu, siku mtenda atakapokuwa kikundi mfumo utaandika sentensi isiyo na upatanisho wa kisarufi.

Njia mbili zinawezekana. Ya kwanza ni kuonyesha tendo katika umbo la kitenzi-jina: "kumaliza", "kujibu", "kufaulu", na kulipanga katika jedwali lenye safu za mhusika, tendo na somo. Ya pili ni kuwataka mafundi waweke maandishi mawili, ya umoja na ya wingi. Sisi tunapendelea ya kwanza kwa ripoti za jedwali, kwa sababu haidai mabadiliko yoyote ya programu. Na ya pili kwa barua na vyeti, ambako sentensi kamili inahitajika na heshima ya msomaji hutaka isarifiwe sawasawa.

Viwango jirani

Tutaje kwa ufupi viwango vitatu ambavyo msomaji atakutana navyo pamoja na hivi.

(a) Metadata. Hizi ni data zinazoeleza data, kama kadi ya katalogi ielezavyo kitabu katika maktaba. Kiwango cha IEEE cha mwaka 2002 kimegawa maelezo ya somo katika makundi tisa, likiwamo la elimu, la haki na la uainishaji. Nafasi ya lugha hujazwa kwa alama ya kimataifa. Alama ya Kiswahili ni "sw". Inapolazimu kuonyesha nchi, huandikwa "sw-TZ", "sw-KE" au "sw-CD". Nafasi hiyo ikiachwa na "en" iliyowekwa na programu yenyewe, somo la Kiswahili halitaonekana kwa mtu anayetafuta masomo ya Kiswahili, hata kama limo ghalani.

(b) LTI. Kiwango hiki cha muungano wa IMS, kilichotoka mwaka 2010 na kupata toleo la 1.3 mwaka 2019, huuwezesha mfumo kumpeleka mwanafunzi katika zana ya nje bila kumtaka ajisajili upya. Twaweza kukifananisha na barua ya utambulisho ambayo mwananchi hupewa na ofisi ya serikali ya mtaa: inamtaja ni nani, anatoka wapi na ana kazi gani, na ofisi anayokwenda huiamini kwa sababu inautambua muhuri.

(c) Ufikivu. Mwongozo wa WCAG, ambao toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2008 na la 2.2 mwaka 2023, hueleza namna ya kutengeneza kurasa zinazoweza kutumiwa na watu wenye ulemavu: picha kuwa na maelezo ya maandishi, video kuwa na manukuu, na kadhalika. SCORM haiyadai mambo hayo. Anayeyataka sharti ayataje mwenyewe.

Namna ya kuandika mkataba

Tuseme taasisi ya umma inanunua masomo ishirini. Sharti lisemalo "maudhui yawe ya kiwango cha kimataifa na yaendane na mfumo wowote" halina nguvu, kwani hakuna jaribio linaloweza kulithibitisha. Tunapendekeza maneno ya namna hii:

"Kila somo litakabidhiwa likiwa kifurushi kinachofuata kiwango cha kiufundi cha SCORM, toleo la 1.2. Mzabuni atakipakia kila kifurushi katika mfumo wa taasisi mbele ya wajumbe wa kamati ya mapokezi, na kuonyesha kwamba hali ya kukamilisha, alama na alamisho za mwanafunzi zinahifadhiwa na kusomeka tena baada ya kutoka na kuingia upya. Faili za asili ambazo somo lilitengenezwa kwazo zitakabidhiwa pamoja na kifurushi. Ubora wa somo kielimu na kilugha utapimwa na kamati nyingine kwa vigezo vilivyomo katika kiambatisho."

Msomaji ataona kwamba tumedai faili za asili. Sababu yake ilidhihirika tarehe 31 Desemba 2020, kampuni ya Adobe ilipoacha kuihudumia programu ya Flash. Masomo mengi duniani yaliyokuwa yamefungwa vema kwa kufuata SCORM yalinyamaza, kwa kuwa kiwango kilitawala kifurushi na mazungumzo, lakini hakikutawala lugha ya programu iliyotumika ndani. Waliokuwa na faili za asili waliweza kuyatengeneza upya. Wasiokuwa nazo walibaki na vifurushi visivyofunguka.

Neno jingine la kuangaliwa ni lile la kuthibitisha. Muuzaji akisema somo lake "linafuata" kiwango, hayo ni madai yake. Likisemwa "limejaribiwa", iulizwe limejaribiwa na nani na kwa zana gani. Likisemwa "lina cheti", cheti kionyeshwe. Neno "ithibati" lisitumiwe hapa hata kidogo, maana katika elimu limekwisha kuwa na maana ya idhini ya chombo cha udhibiti kwa chuo au kozi.

Istilahi zinazopendekezwa

Kiwango cha kiufundi: masharti yaliyokubaliwa yanayowezesha vitu vya watengenezaji mbalimbali kufanya kazi pamoja.

Upatanifu wa mifumo: hali ya mifumo miwili au zaidi kupeana taarifa na kuzielewa. Neno hili ni ndugu wa "upatanisho" wa kisarufi, na wazo ni lile lile: sehemu moja kuitambua nyingine kwa alama yake.

Mfumo wa kusimamia ujifunzaji: programu inayosajili wanafunzi, kuwafungulia masomo na kutunza rekodi zao. Tumechagua "ujifunzaji" badala ya "mafunzo" kwa sababu kinachorekodiwa ni tendo la mwanafunzi.

Maudhui ya somo: maandishi, picha, sauti, video na maswali. Tunajua kwamba katika uhakiki wa fasihi "maudhui" husimama mkabala na "fani". Hata hivyo kanuni za nchi za mwaka 2018 na 2020 kuhusu maudhui ya mtandaoni zimekwisha kulieneza neno hili katika maana pana.

Kifurushi cha somo: faili moja iliyobanwa yenye somo zima.

Orodha ya shehena: faili inayotaja vyote vilivyomo katika kifurushi na mpangilio wake.

Kipande cha somo: sehemu inayoweza kuutaarifu mfumo kuhusu mwanafunzi.

Kijenzi: faili isiyozungumza na mfumo.

Kiolesura: mlango wa mazungumzo baina ya programu mbili.

Alamisho: alama ya mahali alipoishia mwanafunzi.

Mfuatano wa vipande: kanuni zinazoamua kipande kipi kifuate kipi, zilizoongezwa katika SCORM 2004.

Ghala la rekodi za ujifunzaji: mahali zinapotunzwa sentensi za xAPI.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba kiwango cha kiufundi hulinda uwezo wa somo kuhama na wa rekodi kusomeka, na kwamba hakichukui nafasi ya tathmini ya mwalimu kuhusu ubora. Tumeonyesha pia kwamba baadhi ya maamuzi yaonekanayo kuwa ya mafundi, kama lebo ya hali ya mwanafunzi au maandishi ya kitenzi, ni maamuzi ya lugha, na hayafai kuachiwa mtu asiyejua ngeli na njeo za Kiswahili.

Istilahi tulizozitaja ni mapendekezo. Wafasiri, walimu na maafisa wanaozitumia kazini ndio watakaojua ni zipi zinazokaa vizuri kinywani na ni zipi zinazogoma. Tunawaomba watuandikie, na kila anayependekeza neno jingine aambatishe sentensi mbili au tatu ambamo limetumika katika hati halisi. Wakati huo huo, mwenye mkataba mezani hivi leo na aanze kwa hatua ndogo: ataje jina la kiwango na toleo lake, atenganishe kumaliza na kufaulu, na adai faili za asili.